Kuokota Maneno ya Marehemu

Veronika na wenzako wa kikundi,

Mliniomba niandike jinsi kazi ya kuomboleza ilivyokuwaga, kwa kuwa sauti yangu imekatika na magoti hayataki tena kupanda mawe ya hapa Mwisenge, sembuse kwenda misiba ya Bunda. Nimekubali. Lakini mjue mimi niliishia darasa la tatu, na herufi nyingine nilizipata ngumbaru, tukiwa tumekaa watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mkikuta sentensi imepinda, inyosheni wenyewe. Majina hayajapinda. Majina yote ninayo.

Nilichokuwa ninapewa sitakiandika. Siku moja kilikuwa samaki, siku nyingine kuku, siku nyingi kilikuwa asante tupu, na vyote vilishaliwa.

Nilianza kazi kwa sababu ya mbuzi. Nilikuwa nimeolewa Butiama, bado mgeni wa nyumba, na mbuzi wangu wa kwanza alijinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Nikakaa chini kumlilia. Nilimlilia kwa sauti, nikimtajia kila alichofanya: wewe uliyekula pindo la kanga yangu ya harusi, wewe uliyeingia kanisani siku ya ubatizo ukamtazama katekista, wewe uliyekuwa na maziwa ya kikombe kimoja na kelele za ng'ombe kumi. Nyuma ya ua alikuwa amesimama Bibi Nyanjura, shangazi wa mume wangu, mwombolezaji aliyekuwa akiitwa kutoka Butiama mpaka ng'ambo ya Bunda. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Wewe mtoto unalia vizuri. Unalia bila kumpaka mafuta."

Wiki hiyohiyo akanichukua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimlilia mtu mzima. Nina maana mzima wa afya. Tulienda Bunda, kwa Masatu, na mnajua desturi yetu: kilio hakianzi ndani, kinaanza langoni, hata salamu hujatoa. Bibi Nyanjura alikuwa amechelewa njiani kwa ajili ya kiatu, akanituma nitangulie. Nikafika kwa Masatu, nikajirusha langoni, nikalia kwa nguvu zangu zote. Akatoka mzee mmoja na mswaki wa mti mdomoni. Akasimama, akaegemea nguzo, akasikiliza yote. Nilipovuta pumzi akaniuliza, "Umemaliza, binti? Mbona ng'ombe wangu hukuwataja?"

Kumbe Masatu walikuwa wawili, na marehemu alikuwa wa boma la tatu kutoka hapo. Yule mzee alinipa maji, akanisindikiza kwa mwenzake, na njia nzima alikuwa ananitajia ng'ombe wake kwa majina, ili siku yake ikifika nisisahau. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku yake ilipofika, niliwataja wote kumi na mmoja.

Vifaa vya kazi ni hivi. Kanga mbili, moja ya kufunga kiuno na moja ya kufuta pua, na usizichanganye. Kipande cha tangawizi. Viatu vya chini, kwa sababu mwombolezaji anayechechemea watu wanamhurumia yeye badala ya marehemu. Na kamba ya katani, urefu wa mkono. Hiyo kamba ndiyo daftari langu, nitawaeleza.

Kwetu mwombolezaji haleti wimbo kutoka nyumbani. Anaokota maneno. Kabla ya maziko unapita nyumba kwa nyumba, unasimama mlangoni, unasema, "Nipeni neno la marehemu." Kila nyumba inakupa neno moja: alikuwa anapiga mluzi akitoka ziwani, alikuwa mchoyo wa ugoro, alimbeba mama yangu mgongoni siku ya mafuriko. Ukipewa unapiga fundo kwenye kamba. Fundo moja, nyumba moja. Wakati wa kuimba vidole vinapita kwenye mafundo na mdomo unafuata. Nyumba ikitoa neno, imejifunga kuja kuzika. Nyumba ikikataa neno, imekataa na mtu wake.

Bibi Nyanjura aliniachia sheria chache. Anzia jikoni, kwa sababu sebuleni kila mtu anakutengenezea uso. Usiongeze neno ambalo hukupewa, maana uongo wa msibani hauzikwi na maiti, unabaki na wenye nyumba. Na acha pengo la watu kucheka. Alikuwa akisema, "Msiba ambao hakuna aliyecheka, kuna kitu watu wameficha." Halafu alikuwa anakohoa, anaomba ugoro. Alifariki kabla ya miaka ya shida, mimi nikabaki na kamba.

Miaka ya shida ninyi wadogo mnaisikia tu. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, mafuta ya taa haya hapa kesho hayapo. Tulifulia majani ya mpapai. Kulikuwa na misiba tuliyozika watu kwa shuka za kuazima, kwa ahadi kwamba tutalipa nyingine, maana kitambaa cheupe hakikupatikana Musoma nzima. Kazi yangu haikupungua. Wala kitu cha kujipaka usoni baada ya kulia hakikuwepo, tukawa tunarudi nyumbani na michirizi ya chumvi kama samaki waliokaushwa.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Manyama, kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Manyama alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, kule upande wa Murangi. Lori likija, limekuja na mifuko michache, na kijiji kizima kiko kwenye foleni tangu alfajiri. Yeye anasimama mlangoni na kibao chake cha majina. Mtu mrefu, mkavu, hacheki. Watu walisema ana gunia la sukari chini ya kitanda. Walisema mlango wa nyuma wa duka lile haulali. Neno mlanguzi lilikuwa limeshamkaa mgongoni. Halafu homa ikamchukua kwa siku nne tu.

Mkewe, Nyasinde, akaja kunitafuta mwenyewe. Alikuwa mtu wa Kibara, aliyeolewa huku, na watoto watano.

"Mama Magesa," aliniambia, "hakuna aliyekuja. Kaburi wanachimba kaka zangu wawili peke yao. Jeneza wamelitengeneza kwa mbao za mtumbwi wao mbovu."

"Majirani je?"

"Majirani wanapita barabara ya juu ili wasipite langoni kwetu. Akizikwa hivi, bila mtu, basi ni kweli alikuwa mwizi. Na mimi ni mke wa mwizi, na hawa ni watoto wa mwizi. Tutakaaje hapa? Na nikirudi Kibara na jina hilo, nani atanifungulia mlango?"

Nikachukua kamba yangu.

Nilianzia jikoni kwake, kama nilivyofundishwa. Nilikuta chungu cha majivu yaliyolowekwa, ya kufulia, na fungu la majani ya mpapai, sawa na kwangu. Juu ya rafu kulikuwa na kopo limeandikwa sukari. Nikalifungua bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na vifungo vya shati na sindano mbili. Nikalifunika tena. Jiko la mtu mmoja si ushahidi, watu wangesema ameficha kwingine. Na isitoshe, jiko si neno. Neno linatoka nyumbani kwa watu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Balozi Mafuru, balozi wao wa nyumba kumi, mtu mwenye tumbo na cheo, na vyote alikuwa anatembea navyo mbele.

"Nipeni neno la marehemu."

"Mwambie sukari yake imlilie," akasema Mafuru.

"Hilo si neno, Balozi, hilo ni tusi. Nipe alichokufanyia."

"Alinirudisha nyuma! Mimi, balozi, siku ya posa ya binti yangu, wageni wapo nyumbani. Nimepita mbele kwa heshima, akanirudisha nyuma ya watu wote kama mtoto. Wenzangu walikuwa wanapitia mlango wa nyuma, mimi nikarudi kuwapa wageni chai ya chumvi."

Nikapiga fundo.

Nyumba ya pili, Nyangeta, mjane mwenye ulimi kama wembe. "Alinirudisha nyuma. Na mguu huu mbovu. Wakubwa anawauzia usiku."

Nikapiga fundo. Nyumba ya tatu, Bwire mvuvi: alinirudisha. Ya nne, fundi Mkama: alinirudisha, na nilikuwa nimeacha kazi. Mama Kurwa: alinirudisha na mapacha mgongoni, mmoja analia huku na mwingine kule. Mwalimu Magoti: alinirudisha mbele ya wanafunzi wangu. Nilitembea mpaka jua likaelekea ziwani. Mafundo ishirini na saba, na kila fundo lawama. Hakuna aliyeahidi kuja. Walisema maneno yao wamenipa, miguu yao hawakunipa, jambo ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia kwenye msiba.

Nikarudi kwa Nyasinde nimechoka. Nje kwenye benchi alikuwa amekaa Padre Anselmi, amekuja na pikipiki kutoka Musoma kwa ajili ya misa ya kesho yake. Padre Anselmi alikuwa mtu wa Bukoba, Kilatini anacho, Kiingereza anacho, na kama watu wa kwao hakuvificha chini ya kitanda.

"Baba Padre," nikamwambia, "kesho siimbi. Nina mafundo ishirini na saba na hakuna sifa hata moja. Nikiimba haya, namzika mara ya pili. Nikiongeza mengine, nadanganya."

Padre akaokota kijiti. "Unajua Waingereza wimbo wa msiba wanauitaje?"

"Nitajuaje, Baba, mimi wa darasa la tatu?"

Akaandika chini kwenye vumbi: dirge. "Wanasoma deji. Siku hizi maana yake ni wimbo wa huzuni, wimbo wa maziko, wa polepole. Hata wimbo wowote unaochosha watu wanauita hivyo. Lakini neno lenyewe si la kwao. Zamani Kanisa lilikuwa linawaombea wafu kwa Kilatini, na sala ya asubuhi ilianza na neno hili." Akaandika chini yake: dirige. "Watu wa kawaida wa Uingereza Kilatini hawakijui. Wanachosikia ni kwamba kila akifa mtu, padre anafungua mdomo na kusema dirige. Wakaiita sala yote jina hilo, kwa neno lake la kwanza. Baadaye ulimi wao ukalifupisha, na mwisho likawa jina la wimbo wowote wa kulilia mtu."

"Na hilo neno la kwanza lilikuwa linasema nini? Ole wangu?"

"Hapana. Lilikuwa linasema ongoza. Nyoosha. Ni maneno ya zaburi, mtu anamwomba Mungu amnyooshee njia yake."

Nikayatazama yale maandishi. "Kwa hiyo jina lao la kilio halikuanza na kilio."

"Lilianza na njia."

"Na sifa za marehemu?"

"Humo hazimo, Mama Magesa. Ukizitaka, tafuta neno lingine."

Niliwaza. Bibi Nyanjura Kilatini hakukijua, lakini angempenda huyu mtu. Halafu nikakumbuka kazi yangu. "Haya, Baba, na wewe nipe neno."

"Mimi si wa kijiji hiki."

"Unazika hapa. Toa neno."

Padre akalitazama ziwa muda mrefu, kama anayetafuta mtumbwi. "Ni lazima?"

"Kila nyumba."

"Nilikuja kutafuta sabuni ya misheni," akasema. "Niliona watu ni wengi, nikapita mbele. Nilikuwa nimevaa kanzu."

"Akasema nini?"

"Akasema, Baba Padre, nyuma."

Nilipiga fundo la ishirini na nane, na vidole vyangu vikasimama hapo. Vilirudi kwenye la ishirini na saba, la ishirini na sita. Watoto wangu, nilikuwa nimezunguka mchana kutwa nikidhani nimebeba lawama ishirini na nane. Nilikuwa nimebeba neno moja. Kila mtu alikuwa amerudishwa siku yake, peke yake, akaenda nyumbani na hasira yake akaamini wenzake wamepitishwa mlango wa nyuma. Wakubwa walidhani wanaopitishwa ni wadogo, wadogo walidhani ni wakubwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana nani anataka kusimulia kwamba amerudishwa nyuma?

Nikaingia jikoni. "Nyasinde, wewe hujanipa neno."

Alikuwa anachochea moto. "Mimi? Niliponyonyesha huyu wa mwisho nilikwenda dukani kama mke wake, nikasimama mbele. Akanirudisha nyuma. Nilipofika mlangoni sukari ilikuwa imekwisha. Sikusema naye siku tatu."

Ishirini na tisa.

Asubuhi watu walikuja, lakini walisimama nje ya ua, mbali, mikono nyuma, kama wanaokagua. Walikuja kusikia nitasema nini. Lile jeneza la mbao za mtumbwi lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili, na ubavuni bado lilikuwa na jina la mtumbwi, limefifia kidogo: SUBIRA. Nikatoa kamba, nikaanza. Kwa lugha yetu inakwenda vizuri zaidi, lakini kwa Kiswahili ni hivi:

Manyama, unyooshewe njia, wewe uliyetunyoosha.
Alikuja Balozi Mafuru, na wageni wa posa nyumbani: ulimrudisha nyuma.
Alikuja Nyangeta, na mguu wake mbovu: ulimrudisha nyuma.
Alikuja Bwire na harufu ya dagaa, Mkama na msumeno wake: uliwarudisha nyuma.

Nilipomtaja Mafuru, watu walicheka chini chini, hawakujua kwamba na wao wamo. Nilipomtaja Nyangeta, Mafuru akageuka. "Hata wewe?" Nyangeta akamjibu, "Si nilidhani wewe ulikuwa unapita nyuma?" Niliendelea. Mama Kurwa na mapacha. Mwalimu Magoti. Kila jina lilikuwa linageuza kichwa, na kila kichwa kilikuwa kinatafuta kingine. Watu walianza kuukaribia ua. Wengine walikuwa wameshaingia bila kujua wameingia.

Alikuja Padre Anselmi, na kanzu yake nyeupe: ulimrudisha nyuma.

"Hata Padre?" Mafuru akasema kwa sauti, kilioni. Padre akainua mkono kama mtoto wa shule. Hapo kicheko kikapasuka, kicheko kikubwa, mtu ameshika mtu. Nikawaacha. Bibi Nyanjura alisema tuache pengo. Walipopumua nikashika fundo la mwisho.

Alikuja mkeo Nyasinde, na mtoto kifuani: ulimrudisha nyuma.
Kopo la sukari la nyumba yako, Manyama, limejaa vifungo.
Leo tu ndiyo umetupita wote. Leo tu umetangulia foleni.

Sikulia peke yangu tena. Nyangeta ndiye aliyeanza, na ulimi wake ule, akaja mpaka kwenye jeneza akaweka mkono juu ya lile neno Subira. Halafu Mama Kurwa. Vijana wa Bwire wakaenda kuwapokea majembe wale kaka wawili wa Kibara, maana kaburi lilikuwa bado kina cha nusu mtu.

Wakati wa kutupa udongo sikusema kitu, na Padre hakusema kitu. Walijipanga wenyewe. Nyangeta wa kwanza, kwa ajili ya mguu, walimpisha. Nyuma yake Bwire, Mkama, Mama Kurwa na mapacha, Mwalimu Magoti, Nyamisi, Majura wa kinu, wote mpaka langoni, mstari mmoja. Balozi Mafuru, kwa mazoea tu, alikuja na tumbo lake akasimama mbele.

"Balozi," akasema Nyangeta, udongo mkononi, "nyuma."

Mafuru akatazama kaburi, akatazama watu. Akavua kofia, akaenda mpaka mwisho wa foleni. Nyuma yake hakukuwa na mtu ila Padre.

Nyasinde hakurudi Kibara. Majirani waliacha barabara ya juu, na msimu uliofuata walimlimia shamba. Watoto wake wote watano walisoma palepale kijijini, na hakuna aliyewaita jina lolote isipokuwa yao.

Baadaye ikaja ruksa ya biashara. Maduka ya watu binafsi yakafunguka kila kona ya Musoma, sabuni za rangi zote, na tukasahau mpapai. Sangara wakawa wanapakiwa barafu kwenda wasikokujua. Misibani zikaja redio za kaseti, unabonyeza analia mtu wa mbali ambaye hamjui marehemu wala jirani yake. Niliwahi kuiona kaseti moja ikikwama katikati ya msiba Bunda, ikalia neno moja mpaka betri zikaisha. Sikucheka palepale. Nilienda nyuma ya nyumba kwanza.

Lakini tuliendelea kuitwa, Veronika, na wewe sasa utaitwa. Kaseti haiokoti maneno. Kamba yangu nimempa mjukuu akuletee, mafundo nimeyafungua yote.

Nimalizie na hili. Nyasinde naye alikuja mjini, akafungua duka dogo hapahapa Mwisenge, na mpaka leo analo. Juzi nilikwenda kununua sabuni. Walikuwepo watu wawili tu, kijana na mama mmoja. Na mimi mzee, magoti haya, rafiki yake wa miaka yote, niliyemlilia mume wake mpaka sauti ikaniishia, nikapita mbele nikaweka kikapu juu ya meza.

Nyasinde akanitazama juu ya miwani.

"Mama Magesa," akasema, "nyuma."

Nilirudi nyuma. Nikasimama nyuma ya yule kijana, nikacheka peke yangu mpaka zamu yangu ikafika. Siku yangu ikija, Veronika, na wewe unapita na kamba, anzia kwake. Neno atakalokupa ninalijua tayari.